Nyundo Iliyokuwa Kitale

Wiki tatu zilizopita tulimzika Mama Naliaka nyumbani kwake, mwendo mfupi kutoka mjini Bungoma. Nilifika nimechelewa, kwa sababu habari ilinifikia siku moja tu kabla ya maziko. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na masufuria. Hotuba zilikuwa nyingi, na hakuna hata mmoja aliyetaja kwamba marehemu alikuwa binti wa mhunzi. Walisema alikuwa mama wa kanisa, mkulima hodari, mtu mwenye msimamo. Hili la msimamo lilirudiwa mara nyingi, na kila liliporudiwa watu walicheka kidogo, kwa kuwa kila mmoja wetu aliwahi kugongana nalo. Mimi niligongana nalo nikiwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mwalimu asiye na cheti, mpangaji katika chumba chake kimoja. Nilimdanganya mara moja tu katika mwaka ule, na uongo wenyewe haukuzidi sentensi mbili. Baada ya maziko kaka yake, Mzee Simiyu, alinishika mkono, akanikalisha kando ya ghala la mahindi na kuniambia mambo ambayo sikuyajua kwa miaka ishirini na sita. Nitayaeleza, lakini kwanza lazima nieleze nyumba ile na yule mama.

Chumba changu kilikuwa cha mwisho katika nyumba ndefu ya mabati. Kilikuwa na kitanda cha mbao, meza iliyopoteza mguu mmoja na kuegemezwa ukutani, na dirisha lililotazama shamba la miwa. Kuta za ndani hazikufika kwenye paa. Mama alisema fundi aliishiwa na matofali, lakini nadhani alipenda iwe hivyo, maana aliweza kuongea nami kutoka jikoni kwake bila kuinuka kwenye kigoda. "Mwarimu, umeamka?" "Mwarimu, hiyo redio punguza, mimi naomba." Aliniita Mwarimu, nami nikichoka nilimwita Mama Nariaka, kwa sababu kwetu Kwanza, mbele ya Kitale, katika nyumba za watu waliohamia kutoka Mkoa wa Kati, l na r zilitusumbua vilevile. Hakuna aliyemcheka mwenzake. Kutoka wiki ya pili tulikula pamoja, baada ya yeye kugundua kwamba kila siku nilikuwa nachemsha mahindi na maharagwe na kuyaponda na viazi. "Nyinyi watu wa kuponda," alisema, "meno Mungu aliwapatia ya nini?" Kwake nilijifunza kula ugali wa wimbi, na murere, mboga ile ya kuteleza ambayo mwanzoni ilinishinda hata kuipandisha mdomoni. Jumapili moja moja alichinja kuku. Firigisi, ambayo katika nyumba za huko huwekewa mwenye boma, aliila mwenyewe, polepole, mbele yangu. "Mzee alienda," alisema. "Sasa nimwekee nani?"

Kupitia pengo lile la juu ya ukuta nilisikia mengi ambayo hayakunihusu. Jumatano akina mama wa kanisa walikuja kuomba, na wakimaliza kuomba walianza mazungumzo yenyewe. Siku moja mmoja wao alimuuliza habari za Simiyu. "Simiyu gani?" Mama akajibu. "Ndugu yako, si wa Kitale?" Kijiko kiligonga kikombe mara kadhaa kabla hajasema: "Mimi niko na ndugu ambaye alibeba nyundo ya baba akaenda nayo kwa takataka. Kama unauliza huyo, basi yuko." Wengine wakanyamaza, mmoja akaanzisha wimbo. Nililala kitandani na daftari za watoto kifuani, nikiwa na hamu ya kujua ni nyundo gani hiyo inayoweza kunyamazisha kikundi kizima cha maombi.

Aliniambia mwenyewe, kidogo kidogo, akisonga ugali. Baba yao alikuwa mhunzi upande wa Naitiri, na baba wa baba yao vilevile. Alifua majembe, visu na kengele za miguuni. Vyombo vya mhunzi haviguswi na mtu wa nje. Akivigusa, mikono inakauka, au ngozi inatoka vidonda visivyosikia dawa, mpaka mtu wa nyumba ile amwoshe kwa maji yaliyozimiwa chuma. Nilimwambia kwamba bibi yangu wa Kati naye alikuwa akimwogopa mhunzi kuliko chifu, na tukakubaliana kwamba katika jambo hili watu wetu walikuwa wamoja. Hata mabinti wa nyumba hawakuruhusiwa kushika nyundo. Lakini Simiyu alipokuwa shuleni ni yeye Mama, bintiye Naliaka akiwa hajazaliwa wala kufikiriwa, aliyevuta mivukuto ya kupulizia moto. Miaka sita. Alijua kwa rangi tu chuma kikiwa tayari. "Nyundo nilishika siku moja," alisema. "Baba alikuwa ameenda haja. Nikainua hivi. Alinipiga mpaka mama akalia." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayesimulia mvua ya zamani, kisha akanigeuzia ugali kwenye sahani. Baba alipokufa nyundo ilimwangukia Simiyu, ambaye alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma huko Kitale na hakufua hata sindano. Alikuwa amefungua mahali ambapo vyuma vikuukuu viligeuzwa kuwa wanyama na watu, na wageni wakaja kuvichezea kwa mikono. Mama alisikia kwamba anapanga kuitia nyundo humo. Akamtumia neno airudishe Naitiri, hakurudisha, na walikuwa hawajasemezana mwaka wa tatu.

Mahali hapo ndipo mwalimu mkuu alipotaka tupeleke darasa la saba. Sitajifanya nilipenda elimu ya watoto kuliko nafsi yangu. Aliniambia safari ikifaulu ataniandikia barua ya kunisukuma kwenye chuo cha ualimu, na barua hiyo niliitaka kuliko chakula. Tuliwaita wazazi. Walisikiliza mpaka nilipotaja jina la Simiyu, hapo viti vikaanza kulia. Shemasi mmoja alisimama, mtu mpole sana. "Mwalimu, sisi tumeokoka," alisema. "Hiyo mambo ya zamani hatuamini. Lakini mikono ni ya mtoto wangu, si yako." Mwingine akaongeza kwamba ikiwa mtu wa ile nyumba ya wahunzi atakuwapo na awaoshe watoto mikono, basi haina shida, si kwa imani, ni kwa amani tu. Wote wakatazama dirishani, upande wa nyumba ya Mama Naliaka. Barua yangu ya chuo ilikuwa imekaa mikononi mwa mwanamke ambaye alikuwa ameapa kutokanyaga kwa kaka yake.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa naenda nyumbani Kwanza, nikashuka Kitale nipaone kwanza. Lilikuwa ghala la zamani la mahindi nje kidogo ya mji, bado likinuka gunia. Mlangoni palikuwa na ubao ulioandikwa TAFADHALI GUSE. Simiyu alinieleza baadaye kwamba mchoraji wa mabango, kwa mazoea, alikuwa ameandika "usiguse" kama anavyoandika kila mahali, naye Simiyu akafuta herufi tatu za mwanzo kwa rangi nyeupe na kuacha zilizobaki zijitegemee. Alikuwa mwanamume mfupi mwenye miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso. "Umekuja kuona ama kugusa?" aliniuliza kabla ya salamu. Kulikuwa na fahali wa sahani za plau, ukimvuta ulimi alilia kupitia bomba la moshi la lori. Kulikuwa na korongo wa spoku za baiskeli, na baiskeli zenyewe, alisema, zilitoka Bungoma zikiwa zimebeba watu mpaka zikakata tamaa. Ulipanda, ukakanyaga pedali, na mabawa yakapigapiga juu ya kichwa chako. Mashine ya kupukuchulia mahindi ilikuwa imepewa mikono na kichwa cha sufuria, ukizungusha mpini inakupukuchulia hewa. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Pembeni ilisimama familia moja iliyotoka upande wetu wa Bungoma, baba, mama na watoto, wote mikono nyuma, kama wako kwa daktari. "Ona hao," Simiyu alisema kwa sauti ya chini. "Watu wa hapa Kitale wanagusa mpaka wanavunja. Watu wangu wanakuja kutoka mbali, wanasimama, wanarudi."

Mwisho wa ghala palikuwa na mtu wa vyuma, mrefu kuliko mimi, mwili wake pipa la mafuta na mkono wake springi za lori. Mbele yake palilazwa kipande cha reli. Aliitwa Baba. "Hii yote ni takataka," Simiyu alisema, "isipokuwa hiyo iko mkononi." Ilikuwa nyundo ndogo, kichwa kimelika upande mmoja, mpini umeng'aa kwa jasho la watu wawili au watatu waliotangulia. Ili mkono wa Baba ushuke ulipaswa kushika mpini huohuo, juu ya vidole vyake vya chuma, na kuvuta. Hapakuwa na njia nyingine. Nilimuuliza kwa nini asingeiacha Naitiri. "Nyumbani ilikuwa chini ya kitanda," alisema. "Miaka miwili chini ya kitanda, hata kufagia wanaogopa. Nyundo ni ya kupiga, mwalimu." Nikashika, nikavuta, na reli ikalia mpaka nikaisikia kwenye meno. Nilipomweleza kuhusu dada yake na safari yetu alivua miwani, akaifuta bila sababu. "Mwambie iko hapa, iko kazini," alisema. "Akitaka kuja kuniapiza, aje. Lakini mwambie." Hakuniomba nimfiche dada yake chochote. Hili nalisema wazi kwa sababu kwa miaka mingi nilijiambia kwamba tulipanga pamoja. Kwa siku mbili nilikuwa nikitazama viganja vyangu kila nilipoamka, mimi niliyefundisha sayansi.

Jumatatu jioni nilimkuta Mama jikoni akichambua murere. Alikuwa amesikia nilikokwenda, maana hakuna kilichofichika katika nyumba isiyo na kuta kamili. Hakuuliza habari za kaka yake. Aliuliza, "Nyundo uliona?" Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kusema ukweli. Nikaiona barua ya chuo, nikaliona darasa zima likiwa limevaa sare safi, na mdomo ukanitangulia. "Hapana, Mama," nikasema. "Alisema iko ndani ya nyumba yake, ameifunga vizuri kwa kitambaa cheupe." Kitambaa nilikiongeza mwenyewe, ili ionekane inaheshimiwa. Aliacha kuchambua. "Cheupe," akasema. "Ndiyo, Mama." Akachukua jani lingine, akalikata bua, akalitia kwenye ungo. "Basi sawa," akasema. "Waambie wazazi nitakuja."

Nililala vizuri usiku ule, na aibu yangu kubwa leo ni hiyo. Kwa sababu hili ndilo jambo la kwanza aliloniambia Mzee Simiyu siku ya maziko, kando ya ghala: nyundo ya mhunzi haifungwi kwa kitambaa. Inapakwa mafuta, inaachwa wazi, hata ikiwa chini ya kitanda. Kinachofungwa kwa kitambaa cheupe ni maiti, na mtoto yeyote wa nyumba ile, hata aliyepotea vipi, asingethubutu. Mama alijua nimedanganya kabla sijamaliza kusema. Alijua pia, kutokana na uongo wenyewe, kwamba nyundo ilikuwa nje, wazi mbele ya watu, mahali nilipoiona, mahali ambapo sikutaka apajue. Na akasema atakuja.

Siku ya safari alivaa gauni lake la Pasaka na kitambaa cha kichwa cha samawati. Alibeba beseni na mtungi wa maji, na hapo mlangoni pa ghala aliwapanga watoto na kuwaosha mikono mmoja mmoja, bila neno, kama anaosha vyombo. Kisha wakaingia ndani wakasimama mstari mmoja mikono nyuma. Nilikuwa nimewaambia mara kumi kwamba hapa kugusa kunaruhusiwa. Hakuna aliyenyoosha hata kidole. Simiyu alitoka nyuma ya korongo akisugua viganja kwenye aproni yake. "Umekonda," Mama akamwambia. "Wewe umenenepa, dada," akajibu, na hiyo ndiyo iliyokuwa salamu yao baada ya miaka mitatu. Mimi nilikuwa nikitafuta namna ya kumgeuza atazame fahali. Hakumtazama fahali. Alitembea moja kwa moja mpaka mwisho wa ghala, kama mtu aliyeelekezwa, na akasimama mbele ya Baba.

"Ni nani alikuruhusu?" akauliza bila kugeuka. "Hakuna mtu," Simiyu akasema. "Baba angekubali?" "Hapana." "Na ukafanya." "Nikafanya, dada. Ikikaa kwangu, mimi peke yangu ndiyo nitashika, na mimi sijui hata kuishika. Hapa kila mtu anashika. Hata wewe." Niliona mabega ya Mama yakishuka. Alifuta kiganja cha kulia kwenye gauni la Pasaka, mara mbili, akashika mpini. Hakuushika kama mimi, mwishoni, kwa hofu. Aliushika karibu na kichwa, kidole gumba kimelala juu ya mti. Akapiga mbili nyepesi, moja nzito, mbili nyepesi, moja nzito, na springi za lori zikapanda na kushuka naye bila kukwama. Simiyu aligeuka akatazama ukuta. Mama alipomaliza alikuwa anahema kidogo. Alinitazama mimi, si kwa hasira, akanitazama kama anangoja zamu yangu ifike. Nikajifanya nawahesabu watoto. Basi akawageukia watoto. "Na nyinyi mnangoja nini? Shikeni." Mtoto wa shemasi ndiye aliyekimbia wa kwanza, na kelele iliyofuata ilitoa njiwa wote kwenye paa.

Barua yangu ya chuo niliipata wiki hiyohiyo. Mama na Simiyu walianza kutembeleana, na siku moja Simiyu alikuja na mfuko wa vitunguu, akakaa jikoni mpaka jua likazama, nikawasikia wakicheka kitu cha utotoni. Nilijipongeza. Nilijiona nimewapatanisha. Jioni baada ya jioni Mama aliniwekea chakula, akaketi mbele yangu zaidi ya kawaida yake, mikono mapajani. "Mwarimu, uko na neno?" aliuliza. Nilijibu kwamba sina, chakula ni kitamu. Kesho yake akauliza tena, na nikajibu vilevile. Mwezi ulipoisha aliniambia kwa sauti ya kila siku, "Mwarimu, tafuta nyumba ingine. Hicho chumba nakihitaji." Nilihamia karibu na stesheni ya reli. Nilipita pale kwake mara nyingi kabla mwaka haujaisha, na chumba kilikuwa na kufuli, tupu. Tukikutana sokoni alinisalimu vizuri na kuuliza habari za watu wa Kwanza. Hakunikaribisha tena kula. Nilihitimisha kwamba aliudhika kwa kudanganywa, na kwa kuwa uongo wangu ulizaa matunda, nilimwona mkaidi. Kila Krismasi, miaka yote hiyo, nilimtumia salamu kupitia mtu fulani, naye akanirudishia zake.

Sasa kando ya ghala nilimuuliza Mzee Simiyu swali nililolibeba tangu aliponieleza habari za kitambaa. Kama Mama alijua, kwa nini alikuja Kitale, na kama alikuja kwa hiari yake, kwa nini akanifukuza? Mzee amekuwa kiziwi kidogo, nikalazimika kulirudia, na watu wawili waliokuwa wakikunja viti wakageuka. "Kuja, alitaka kuja siku nyingi," alisema. "Alikuwa anatafuta mlango tu, wewe ukamfungulia. Hiyo alikushukuru. Lakini alikungoja, mwalimu. Kila nikienda pale ananiambia, leo atasema, huyu ni mtoto mzuri, leo atasema. Halafu akachoka."

"Si angeniuliza tu, Mzee," nikasema.

"Alikuuliza."

Nilikaa naye mpaka akaitwa kula, kisha nikaenda kaburini. Udongo ulikuwa bado mbichi na mtu alikuwa ameacha koleo lake juu yake. Nilijisikia vibaya sana, na mjinga, mwanamke mzima anayekaribia hamsini, na nusura nigeuke nirudi. Halafu nikamwambia, kwa sauti ya kawaida, huku wale wa viti wakinisikia: Mama, nyundo haikuwa ndani ya nyumba. Ilikuwa nje, niliiona, na mimi mwenyewe niliipiga.